Semi Si Cheo, Jamani

Kuna watu hapa Kigoma wakikuona umepanda semi wanadhani umeteuliwa. Ukiwa kwenye Fuso hakuna aliyekujulia hali. Siku unayoonekana umekaa juu ya kichwa cha semi, tela refu linakufuata, hata yule jamaa anayekudai anakupa "shikamoo mkuu". Pale kijiweni Mwanga unasogezewa kiti chenye miguu yote minne. Dereva wa Fuso anakalia ndoo.

Na leseni ni ileile! Daraja E, la Fuso na la semi. Trafiki aigeuze mbele na nyuma, hataona palipoandikwa "huyu wa nyanya, huyu wa mataifa". Lakini kijiweni wanajua kukupanga. Dereva wa Fuso akianza kusimulia habari za mlima Sekenke, anakatizwa: "Wewe ulipita na nini, na kale kagari?" Kagari! Lori lenye gia, breki za upepo na mzigo wa maharage ya Kasulu hadi kwenye turubai, linaitwa kagari.

Mimi nimeendesha yote mawili, na malalamiko ninayo ya yote mawili.

Nianze na Fuso. Kama gari, haina shida. Ni kitu kimoja kuanzia bampa hadi taa za nyuma. Ukikata kushoto, yote inakwenda kushoto. Matairi ya nyuma yanakatiza kidogo kwa ndani, lakini unayaona kwenye kioo, mnaelewana. Shida ya Fuso ni ndugu. Gari linaloingia kila uchochoro halikupi kisingizio. Shemeji anahama Mwanga kwenda Gungu, anakupigia wewe. Harusini kuna kabati la bibi harusi, wewe. Msibani kuna viti, sufuria na shangazi saba wasiotaka kukaa nyuma, wewe tena, na shangazi wote wanataka kukaa mbele. Mama mkwe ana magunia mawili tu ya mkaa yako Mwandiga. Ukifika ni tisa, na mbuzi. Malipo? "Tutaonana, baba." Kweli tunaonana, kila siku tunaonana. Hela ndiyo sijaiona.

Ndiyo maana tajiri aliponiambia nihamie semi, nilifurahi. Nikasema sasa ndugu wataniacha. Na kweli waliniacha, hakuna shemeji anayeweza kuuliza kama semi inapita nyuma ya msikiti.

Sasa sikia ya semi.

Semi ina kiungo katikati. Kichwa kina mawazo yake, tela lina yake. Kona ya kushoto unaianza kwa kwenda kulia, unatanua mpaka watu wa upande ule waanze kukusanya watoto. Lazima, kwa sababu tela halifuati nyayo za kichwa, linakatiza ndani. Usipotanua, litapanda ukingo, na juu ya ukingo yuko mama na meza yake ya migebuka. Sasa wewe unatanua kwa ustaarabu wote, taa ya kushoto inawaka, bodaboda anaona uwazi umebaki upande wa kushoto. Anasema Mungu kanifungulia njia. Anaingia, na abiria wawili, na dumu la mawese. Unasimama katikati ya kona, umeziba barabara nzima, magari yanapiga honi pande zote, na yeye anaupigapiga ubavu wa tela kwa kiganja: "Mzee, huoni?" Nione vipi, mwanangu? Kichwa kikishakunja kona, kioo cha kushoto kinanionyesha bati la tela tu, wewe hakikuonyeshi.

Hiyo ni kwenda mbele. Rivasi ndiyo msiba wenyewe.

Fuso ikirudi nyuma, unakata usukani upande unaoutaka, umemaliza. Semi unataka nyuma ya tela iende kulia, unakata kushoto. Tela likishaanza kutii, unaurudisha usukani upesi ili kichwa kilifuate, ukichelewa tu linajikunja, na wewe mlangoni kwako unatazamana na bati la mzigo. Ni kama mbuzi wa kamba: ukimvuta anakuja, ukimsukuma anageuka kukutazama. Watu wananitolea mfano wa treni, eti mbona inaburuta mabehewa kibao tangu reli ya kati ilipofika Kigoma 1914. Jamani, treni ina reli! Niwekeeni na mimi reli hadi mlangoni mwa ghala, nitarudi nyuma nikiwa nimefumba macho. Wajerumani wenyewe walikuwa na akili, ile meli ya Liemba waliiunda kwao mwaka 1913, wakaifungua, wakaileta kwenye makasha, ikaunganishwa hapahapa ziwani. Walijua kitu kirefu hakipelekwi kikiwa kizima.

Mimi napelekwa nikiwa mzima. Kuna ghala moja karibu na bandari, geti lake lilijengwa na mtu aliyekuwa anafikiria baiskeli. Semi ikianza kurudi pale, mtaa mzima unaacha kazi uje ufundishe. Muuza karanga, fundi baiskeli, wanafunzi, mzee aliyekuwa anakwenda kuswali. "Kata, kata, kata! Nyoosha! Lete, lete, lete!" Mmoja anasema lete, mwingine amenyoosha mkono wa kusimama, wa tatu amekaa nyuma kabisa ya tela, pasipofikiwa na kioo chochote, ananielekeza kwa macho. Tela likigusa ukuta, ndipo wanapopata sauti moja: "Si tulikwambia?" Na utingo, ambaye ndiye pekee anayelipwa posho ya kunielekeza, yuko kwenye simu anamwelekeza mtu mwingine namna ya kufika Nguruka.

Halafu uzito. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki, ile ya 2016, haiangalii jumla peke yake, inaangalia kila kundi la ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya pande mbili. Ekseli ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela 24. Jumla 50, na hapo chuma chenyewe kimo. Fuso ya ekseli mbili ni 18 yote kwa yote, hesabu ambayo hata tajiri anaiweza. Ya semi haiwezi. Vibarua wakichoka wanarundika saruji yote mbele ya tela, nyuma unabaki uwanja wa kuchezea bao. Ule uzito wa mbele unalalia kichwa. Unafika mzani, unampigia tajiri.

"Jumla ngapi?"

"Arobaini na tisa, tajiri."

"Si iko chini ya hamsini? Wanataka nini tena?"

"Ekseli za kichwa zimezidi."

"Basi zisogeze."

Nisogeze ekseli! Kinachosogezwa ni saruji, mfuko mmoja mmoja, kilo 50 kila mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, chini ya jua. Na wanaosogeza ni wawili, mmoja ni "mkuu" wa kijiweni na mwingine ameniambia mgongo unamuuma tangu utotoni.

Ukirudi tupu nako usifikiri ni raha. Semi tupu kwenye matope mekundu ya masika, matairi ya kichwa yanazunguka palepale hayana cha kuyakandamiza, na ukikanyaga breki vibaya kwenye mteremko, tela linataka kukupita ubavuni liwahi nyumbani. Fuso tupu inaruka tu kwenye mashimo, unaumia kiuno, unafika.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni usingizi. Hiki watu wa kijiweni hawakijui. Fuso ikipelekwa kupakuliwa, inabaki pale mpaka gunia la mwisho, kwa sababu bodi na injini ni mtu mmoja. Vibarua wanashusha, wewe unatandika mkeka uvunguni, unalala usingizi halali, wa kazini, hakuna wa kukuuliza. Tajiri akipiga simu unajibu, "Bado wanashusha," na ni kweli tupu. Semi imeniua hapo. Tela linaachwa lisimame kwa miguu yake mbele ya ghala, unachomoa mipaipu ya upepo na waya wa taa, unavuta mkono wa kuachia pini, kichwa kinatoka. Kabla hujanyoosha mgongo, simu: "Lile tela lingine liko tayari limejaa chumvi ya Uvinza, funga uondoke." Tela linapumzika siku mbili nzima! Linapumzika kuliko dereva! Waliobuni kiungo kile walikuwa matajiri, hawakuwa madereva, nitawabishia popote.

Na nyumbani? Fuso nilikuwa naiegesha mlangoni, watoto wa jirani wanachezea matairi, najua niko kwangu. Semi inalala huko barabara kuu, kwa mlinzi anayelipwa. Mimi nashuka na begi langu, "mkuu" mzima, nabanana kwenye bodaboda. Juzi nilimpata yuleyule wa kwenye kona. Akanisalimia vizuri sana.

Nikamweleza tajiri haya yote, kwa heshima, kwamba aangalie uwezekano wa kunirudisha kwenye Fuso. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akaniambia, "Nimekusikia. Unataka Fuso, na mimi nataka tani. Nimepata suluhisho." Suluhisho ni pulling. Yaani lori zima lenye bodi yake, lenye kupakiwa kama Fuso, halafu nyuma linafungiwa tela zima la magurudumu yake mbele na nyuma. Ekseli saba, tani 56, kiwango cha mwisho cha sheria. Na viungo ni viwili, kimoja kwenye ndoano ya lori, kingine kwenye mzunguko wa magurudumu ya mbele ya tela. Maana yake ile rivasi ya kukata kushoto ili uende kulia imefutwa, inabidi ukate kulia ili kiungo cha kwanza kiende kushoto ili cha pili kiende kulia. Kwenye geti lilelile. Na wale walimu walewale.

Sijui nani aliyezitoa habari nje. Gari lenyewe halijafika kutoka Dar es Salaam, na jana usiku shemeji kapiga simu. Amesikia kwamba tela linafunguka na lori la mbele linabaki dogo. Anauliza kama litaingia uchochoroni, maana anahama tena.