Ukianza Kukimbia, Chagua Programu Inayokwambia Utembee

Mdogo wangu mmoja wa kazini aliniuliza juzijuzi apakue programu gani ya kukimbia, maana kila akitafuta zinamjia chungu nzima na zote zina nyota nyingi. Nikamwambia: pakua inayokwambia utembee. Akanitazama kama mtu ambaye swali lake halijasikika.

Nilimjibu hivyo kwa yaliyonikuta. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kupima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa Tabata, nilibonyeza kitufe cha kuanza nikatoka mbio. Dakika ya nne pumzi zikaniishia, kichomi kikanibana ubavuni, nikashika nguzo ya umeme. Kwenye kioo cha simu zilikuwepo mita 600, mwendo wangu, na chini yake watu nisiowajua na kilomita zao kumi kumi. Nilitoka hivyo siku tatu. Ya nne nililala. Programu ile haikuwa na ubovu wowote, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbia tayari, na mimi nilikuwa natafuta wa kunifundisha.

Kilichoniokoa ni mpango unaoitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5. Mmarekani Josh Clark aliuandika mwaka 1996, akimfikiria mama yake aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Ni wiki tisa, siku tatu kila wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hadi zitimie dakika 20. Basi! Sekunde 60 mtu yeyote mwenye afya anaziweza, na kabla hujachoka sauti inakwambia tembea. Siku ya tatu ya wiki ya tano ndiyo inayotisha watu, kwa sababu unaambiwa ukimbie dakika 20 mfululizo. Mimi niliimaliza, nikakaa kwenye ngazi za nyumba nikilia.

Programu nyingi zinatumia mpango huo au unaofanana nao, hata huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ina yake ya bure. Usihangaike sana na jina. Angalia kama inakuita kwa sauti bila kukulazimisha kuangalia simu, na kama inakuruhusu kurudia wiki iliyokushinda. Ikiomba kadi ya benki kabla hujakimbia hata siku moja, ifute.

Tuliosoma shule za msingi Tanzania tulilijua zamani jambo hili la kuongozwa na sauti. Kwenye mchakamchaka wa asubuhi mwendo uliwekwa na mwimbishaji. Anaimba, mnaitikia, na kwa kuwa lazima muitikie, hakuna anayekimbia kupita pumzi zake. Vikundi vya jogging vinavyopita mitaani Dar Jumamosi na Jumapili bado vinafanya hivyohivyo, wazee na vijana mstari mmoja. Kwa hiyo nakuomba ujipime kwa wimbo: ukishindwa kuimba mstari mmoja ukiwa mbioni, punguza mwendo, hata kama simu inasema unakwenda polepole.

Upande wa simu, kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi. Simu nyingi za Android huzima programu ukishazima kioo, ili kuokoa chaji. Unakimbia ukisubiri sauti, kimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi. Bando si tatizo, kwa sababu kupima umbali simu inapokea mawimbi ya setilaiti bila intaneti. Na tafadhali vaa spika ya sikio moja tu. Bodaboda za alfajiri hazina subira.

Strava na wenzake, yaani programu za kupima mbio zako na kuwaonyesha wengine, waje baadaye, ukishapenda. Hata hapo, ficha unapoanzia na unapoishia, hasa sisi wanawake tunaotoka gizani, kwa sababu ramani yako ikiwa wazi inaonyesha mlango wako na saa unayofunga geti. Mwaka 2018 ramani ya pamoja ya Strava iligundulika kuwa inaonyesha hadi kambi za kijeshi, kwa mizunguko ya askari waliokuwa wanafanya mazoezi tu.

Mdogo wangu sasa yuko wiki ya tatu, ambayo ndiyo ya kwanza kuwa na dakika 3 za mbio bila kupumzika. Jumamosi alinitumia ujumbe wa sauti, bado anahema: "Dada, imeniambia nitembee, na mimi nilikuwa bado nataka!"