Nani alipie sanamu za viongozi wetu?

Tarehe 18 Februari 2024, mjini Addis Ababa, ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere katika makao makuu ya Umoja wa Afrika. Walioisimamisha ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Jengo la Amani na Usalama la Umoja huo, ambalo nalo lina jina la Mwalimu, lilijengwa kwa fedha ya Ujerumani na kufunguliwa mwaka 2016. Heshima hizo mbili kubwa hazikulipwa na kodi ya Mtanzania peke yake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hilo linazaa swali la haki kabisa: kama mataifa yamechangia kumuenzi Mwalimu ugenini, kwa nini Iringa na Mbeya zisitafute wafadhili na kuwasimamishia viongozi waliotangulia sanamu za shaba katikati ya miji yetu?

Naweka msimamo wangu mezani mapema. Siipingi sanamu, na siipingi fedha ya nje kwa sababu tu imetoka nje. Ninachokikataa ni sanamu inayotufikia ikiwa imeshaamuliwa kila kitu, sura, mahali na maandishi, na wenye mji tukaalikwa siku ya kukata utepe tu.

Tuanze na wanaounga mkono, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Mchango wa SADC kwa Mwalimu si msaada wa kawaida. Nchi kadhaa za jumuiya hiyo zilipata uhuru huku wapiganaji wao wakilala, wakifunzwa na wengine kuzikwa kwenye ardhi yetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mgagao, mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi wa Zimbabwe, na mwaka 1975 maofisa wa kambi hiyo walitoa tamko lililomfungulia Robert Mugabe njia ya kushika uongozi wa chama. Mapema mwaka 1962 Nelson Mandela, akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri, alitua Mbeya. John Mwakangale, mbunge wa TANU, alikuwa akimtafuta ili ampokee. Katika hoteli ya mji huu, uliokuwa mdogo wakati ule, Mandela aliona weupe na weusi wakikaa pamoja bila mtu kufukuzwa, jambo ambalo kwao lingeweza kumfikisha mtu mahakamani. Deni la namna hii likilipwa kwa shaba, anayelipa ana haki ya kulipa. Kesho Zimbabwe ikisema inataka kuweka kumbukumbu Mgagao, sitakuwa wa kwanza kuuliza fedha imetoka wapi.

Kuna upande mwingine wa hoja hiyo, na huu unawagusa madiwani moja kwa moja. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu yanasubiriwa na zahanati isiyo na dari, shule yenye darasa la wanafunzi mia na barabara ya vumbi inayokatika kila masika. Diwani atakayesimama kwenye baraza na kuomba fedha hizo zigeuzwe sanamu atazomewa, na watakaomzomea watakuwa na sababu. Fedha ya mfuko wa utamaduni wa nchi fulani haiwezi kuhamishiwa kwenye dawa. Ama inakuja kwa kazi ya kumbukumbu au haiji kabisa. Iringa tunalo la kuonyesha. Boma la Wajerumani, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ofisi za serikali, lilikarabatiwa kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Wanafunzi wanaingia mle na kutoka wakijua habari za Wahehe, Wabena na majirani zao. Sijamsikia mtu akidai jengo lile lingeachwa lioze ili tulinde heshima yetu.

Hata hivyo historia ya sanamu nchini inatufundisha kuwa na tahadhari, maana za kwanza kusimamishwa hadharani hazikuwa zetu. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann pale Dar es Salaam, gavana aliyejenga jina lake kwa kuzima upinzani wa watu wa pwani, na chini ya miguu yake wakamweka askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Waingereza walipoichukua nchi waliing'oa, ikapelekwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wenyewe wakaiangusha. Waingereza nao mwaka 1927 wakaweka hapohapo sanamu ya Askari, kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyosubuliwa Uingereza, ambayo leo kila mtu anaijua. Tumeizoea na tumeipenda. Lakini hakuna mzee wa nchi hii aliyeulizwa kama ndivyo angependa ndugu zake waliokufa wakibeba mizigo ya vita ya wazungu wakumbukwe. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, na aliyewekwa mbele ni mwenye bunduki. Hivyo ndivyo mlipaji anavyoamua kumbukumbu bila kusema uongo hata mmoja.

Na si mambo ya kikoloni tu. Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, walipelekana mahakamani mwaka 2018 kuhusu sanamu ya Gandhi iliyopangwa kuwekwa Blantyre kwa ushirikiano na India, na mahakama ikausimamisha ujenzi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu ya Gandhi iliyotolewa na India miaka miwili kabla. Gandhi hakuwa mtu mdogo. Kosa lilikuwa kwamba zawadi ilipita mikononi mwa serikali mbili na haikupita kwa wanaoishi na kupita mbele yake kila siku.

Habari ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa, ndiyo inayonizuia kusema kwamba zawadi ya mwenye nguvu siku zote ni mtego. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe. Wajerumani wakakikata kichwa chake na kukipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, ulitaja kwa jina fuvu la Mkwawa na kuitaka Ujerumani ilirudishe. Ilichukua miaka 35 zaidi. Gavana Edward Twining alilipata Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Tuangalie tarehe. Mwaka 1954 Kenya ilikuwa ndani ya vita ya Mau Mau na serikali ya kikoloni ilihitaji sana utiifu wa makabila yenye sifa ya kupigana. Mimi siamini kwamba Twining alihangaika kutafuta fuvu kwa huruma tupu. Lakini Wahehe hawakupokea nia ya Twining. Walipokea kichwa cha babu yao. Leo mtu akifika kwenye makumbusho ya Kalenga anakwenda kwa ajili ya Mkwawa, na aliyegharamia safari ya mwaka 1954 amebaki mstari mmoja kwenye maelezo.

Kwa nini zawadi ile ilikubalika wakati ya Blantyre ilikataliwa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Wahehe walikuwa wameidai. Dai lilikuwepo miaka mingi kabla fedha haijatokea. Kwenye mradi wa kumbukumbu hilo ndilo la kuuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza jina la mfadhili: nani hapa alikuwa anakitaka kitu hiki, na tangu lini?

Swali hilo linakuwa gumu tukifika Isimani. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi kwenye shamba la mkulima huyo, katikati ya msukumo wa kuanzisha vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo na akanyongwa. Serikali ilimuenzi Kleruu, na chuo cha ualimu mjini Iringa kina jina lake hadi leo. Lakini nenda kakae na wazee wa Isimani uwasikilize: wapo wanaomkumbuka Kleruu kama kiongozi mchapakazi aliyekufa kazini, na wapo wanaomkumbuka Mwamwindi kama mtu aliyesukumwa hadi mwisho wa uvumilivu. Familia za pande zote bado zipo. Fikiria sasa mfadhili anakuja na fedha ya sanamu moja ya kiongozi wa serikali wa mkoa huu. Shaba itamchukua mmoja na kumwacha mwingine, na haitaweza kueleza kwamba siku ile nchi ilipoteza kwa pande zote mbili. Mahali kama Isimani ningependa pawe na chumba chenye nyaraka za kesi, ramani za mashamba na sauti za wazee zilizorekodiwa, na sanamu isiwepo kwanza. Chumba kama hicho hakina siku ya kupigiwa picha, ndiyo maana wafadhili wengi hawakikimbilii, lakini ndicho kingeusema ukweli wote.

Wanaotetea sanamu hunijibu kwamba majina peke yake hayatoshi, na hapo nawaunga mkono. Mbeya tuna Uwanja wa Sokoine na tuna viwanja vya Nanenane vya John Mwakangale. Kila Agosti wakulima wa mikoa ya kusini wanajaa kwenye viwanja hivyo na mbegu za mahindi, ng'ombe wa maziwa na matrekta, na jina la Mwakangale linatajwa kwenye kila kipaza sauti. Waulize vijana kumi pale getini Mwakangale alikuwa nani. Jina limekuwa la mahali. Mtu ametoka ndani yake. Sura ya mtu aliyesimama, yenye maandishi mafupi chini, ingewafanya watoto waulize, na mwalimu aliyewaleta angelazimika kujibu. Kwa kazi hiyo sanamu inafaa kuliko bango.

Linalonikera zaidi ni fedha inavyozunguka. Sanamu kubwa ya shaba inahitaji karakana yenye tanuru na mafundi wa kutengeneza umbo la nta, kulizungushia kalibu na kumimina shaba iliyochanganywa na bati. Sisi tuna wachongaji hodari wa mpingo na wafinyanzi wa Kisi kule ziwani Nyasa, ambao vyungu vyao vinajulikana kote kusini, lakini kazi za shaba za ukubwa huo kwa kawaida huagizwa nje. Sanamu ya Samora Machel pale Maputo, ya Laurent Kabila mjini Kinshasa na mnara wa mita 49 wa Dakar uliozinduliwa 2010 zote ni kazi ya karakana moja ya serikali ya Korea Kaskazini, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo ya sanamu mwaka 2016. Mashujaa wa nchi tofauti, mikono ileile. Msaada wa namna hiyo unatuachia kitu cha kutazama na hautuachii ujuzi. Mfadhili anayetaka kweli kutuheshimu angetoa nusu ya fedha kwa ajili ya tanuru na mafunzo ya vijana wa ufundi hapa Mbeya, hata kama sanamu ya kwanza itachelewa miaka mitano na haitang'aa kama ya Ulaya.

Suala la muda nalo si dogo. Kwame Nkrumah alisimamishiwa sanamu Accra akiwa madarakani. Mapinduzi ya 1966 yakaiangusha, na leo mabaki yake bila kichwa yanatunzwa kwenye bustani ya kumbukumbu yake. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na sanamu ya Addis Ababa ikaja miaka 24 baadaye, wakati waliompenda na waliomlaumu kwa vijiji vya ujamaa walikuwa wamepata nafasi ya kusema. Bunge lilitunga sheria ya kuwaenzi waasisi wa taifa mwaka 2004, na hiyo inawahusu Mwalimu na Karume. Kwa viongozi wengine ningependa halmashauri zijiwekee angalau miaka 20 baada ya kifo. Kiongozi ambaye wenzake bado wanagombea ubunge kwa jina lake hawezi kupata maandishi ya kweli chini ya miguu yake.

Kwa hiyo kama mfadhili akija kesho Mbeya, ningemwelekeza kwa Mwakangale, na ningeanza kwa kuzungumza na Afrika Kusini, ambayo ina sababu ya kushukuru. Mkataba usomwe hadharani kwenye baraza la madiwani. Maandishi yaandikwe na wanahistoria wa hapa kwa kushirikiana na familia, na yaseme pia aliyokosea. Jina la mfadhili liwe kwenye kibao kidogo nyuma ya msingi. Wananchi wachangie sehemu, hata kama ni ndogo, maana mtu hulinda alichokilipia, na shaba kwenye viwanja vya Nanenane, vilivyo vitupu miezi kumi na moja ya mwaka, itawindwa na wauza chuma chakavu.

Hapo ndipo mpango wangu mwenyewe una udhaifu. Fedha ya wafadhili hulipia kujenga na mara chache hulipia kulinda. Mlinzi wa usiku, taa na usafishaji vitahitaji fungu kwenye bajeti ya halmashauri kila mwaka, kwa miaka yote. Madiwani wasipokubali kulipitisha fungu hilo kwa kura kabla mkataba haujasainiwa, fedha irudishwe ilikotoka.