Rafiki wa Utotoni Naye Ni Mfiwa

Kwenye misiba ya Dar es Salaam kila mtu ana fungu lake. Majirani wanafunga turubai na kuazima masufuria, wafanyakazi wenzake marehemu wanakuja na bahasha, kamati inahangaika na jeneza na usafiri. Rafiki wa utotoni anapewa kiti cha plastiki kule nyuma, kwa wacheza karata, na kama ana gari anatumwa maji.

Hili limenikaa rohoni tangu tulipomuaga swahiba wangu wa Magomeni. Mjomba wake alisoma wasifu vizuri tu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua. Utoto wote ukaishia kwenye "alipata elimu ya msingi hapa Dar es Salaam". Hata jina lililosomwa lilikuwa geni masikioni mwetu. Sisi tulimwita Babu, maana tangu darasa la pili alitembea amefunga mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa 2-0 na Stella Abidjan hapa hapa Uwanja wa Taifa. Nililia kibarazani kwao, redio ya baba yake bado inatangaza. Babu alikuwa Yanga kindakindaki, lakini siku hiyo hakufungua mdomo. Alinimegea andazi lake, tukakaa. Kejeli alizianza kesho yake asubuhi, na hakuziacha mpaka alipolazwa.

Mkewe hajawahi kusikia habari hii. Mwanawe mkubwa aliniuliza pale pale msibani, "Baba mdogo, kwa nini watu wa huku wanamwita baba Babu?" Nilimsimulia hadi dereva wa basi la kwenda kuzika kijijini alipoanza kupiga honi. Ndiyo maana nasema: mke na watoto wanamjua mtu mzima. Wazazi wakishatangulia, utoto wake unabaki kwetu sisi tuliocheza naye, na hakuna anayekuja kuuliza.

Kazini nako ni yale yale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Sidai aingizwe, Wabongo tungefiwa na rafiki kila Ijumaa.

Ninachotaka ni kidogo. Kamati ikikaa kuandika wasifu, aitwe mmoja wa wale waliocheza chandimu na marehemu, aulizwe, kisha apewe dakika chache za kusema, hata kama mshereheshaji anatazama saa. Najua wazee wanaogopa tutatoa siri. Siri zenyewe karibu zote ni za maembe ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa anajua.