Mwanamke, miaka 47, mjane, mwanika dagaa

Maneno hayo, pamoja na jina la kijiji, yaliandikwa chini ya nukuu moja katika rasimu ya ripoti niliyopewa niipitie. Jina la mama mwenyewe halikuwepo. Aliitwa Mshiriki wa 9. Mwandishi wa rasimu, kijana makini aliyekaa wiki sita mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa na samaki kushushwa, aliamini kwamba akishaficha jina amemficha na mtu. Kijiji hicho nakifahamu. Nilipofika mwisho wa ule mstari nilishajua anayesema ni nani na nyumba yake iko upande gani wa mwalo. Na alichokuwa anakieleza kwenye nukuu ni nani alipewa pesa ili mitumbwi iingie majini usiku, kipindi Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na wenzangu tunaofanya utafiti wa kitaamuli, ule wa maneno ya watu badala ya namba, huku Kigoma na kwa jirani zetu wa Tabora. Je, jinsia, umri, elimu, ndoa, dini, kabila, kazi na makazi ya kila mshiriki viingizwe vyote kwenye programu ya uchambuzi tangu mwanzo, au la? Wengi wanasema jaza vyote, kwa sababu ndivyo wasimamizi wao wanavyodai. Wachache wanaosita huonekana wavivu, au watu wasioiweza kompyuta. Nadhani hawa wachache hawajasikilizwa vizuri.

Anayezitumia programu hizi hahitaji maelezo marefu. Katika NVivo, programu ya kompyuta ya kupanga na kuchambua mahojiano, kila mshiriki anakuwa kesi, na kila kesi inabeba sifa zake; MAXQDA na Dedoose zina majina yao kwa jambo hilohilo. Unaandaa jedwali kwenye Excel, unalivuta ndani, kisha unaiagiza programu ikupangie: dhamira upande huu, makundi ya watu upande ule, na kwenye kila kisanduku maneno yao. Kuna kitu kwenye historia hapa ambacho hunirudia kila mara. Mama wa NVivo ni programu iliyoitwa NUD*IST, aliyoianza Tom Richards mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, ili kumsaidia mkewe Lyn, mwanasosholojia aliyezidiwa na marundo ya maelezo ya watu. Ndani ya jina hilo yamo maneno yanayotangaza kwamba hii ni kazi ya data zisizo za namba. NVivo yenyewe ilitoka mwaka 1999, na leo kitu cha kwanza mwanafunzi anachofundishwa kujaza ndani yake ni umri.

Wanaotaka sifa zijazwe wana hoja nzito, na wasioikubali wanajidanganya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana. Kila aliyekuja kuuliza maoni aliondoka na sentensi moja: "wavuvi wanasema." Wavuvi gani? Mwenye mitumbwi na taa ana akiba, na pengine ana shamba la michikichi linaloendelea kumpa mawese. Baharia anayelipwa kwa mgawo wa usiku hana. Mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika na kuwauza, havui kabisa, lakini mwalo ukifungwa ni yeye anayekosa ada ya shule ya mtoto. Usipoweka alama ya nani ni nani, sauti ya mwenye mitumbwi, anayejua kuzungumza na wageni, itakuwa ndiyo "sauti ya wavuvi". Jedwali hukuonyesha kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu hukwambia kwamba hukumhoji baharia hata mmoja, au ulimhoji akanyamaza kwa sababu mwajiri wake alikuwa amekaa naye kwenye kikundi kimoja cha majadiliano.

Hoja hiyo inakuwa nzito zaidi kule Ulyankulu, mkoani Tabora. Wapo pale watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na watoto na wajukuu wao. Mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi hao wa zamani zaidi ya 162,000 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ukitaka kujua kama raia wa tajnisi, yaani aliyepewa uraia baadaye, anapata ardhi na huduma sawasawa na jirani yake aliyezaliwa raia, utajuaje kama hukuandika nani ni nani? Dada mmoja niliyefanya naye kazi huko aliniambia, "Kaka, ukikataa kuandika tofauti hujaiondoa. Umeacha tu kuiona." Sikuwa na jibu siku hiyo, na sina jibu kamili mpaka leo.

Hata hivyo, tazama kinachoendelea mtu anapokaa kujaza.

Bibi mmoja wa Buhigwe anaulizwa umri. Anajibu kwamba alikuwa msichana wa kuchota maji wakati wa Operesheni Kigoma, watu walipohamishiwa vijijini. Jibu hilo limejaa: lina mwaka 1972 ndani yake, lina nyumba iliyoachwa na mashamba yaliyobaki nyuma. Kisanduku kinataka tarakimu. Msaidizi anakadiria, anaandika 66, na kuanzia hapo 66 inakuwa ukweli unaoweza kupangwa, kugawanywa na kulinganishwa. Au chukua kazi. Sifa moja hubeba jibu moja tu kwa kila kesi. Mama anayelima mihogo masika, anayekamua mawese yakifika msimu na kununua dagaa giza la mwezi linapoingia, anaandikwa "mkulima", kwa kuwa ndilo jibu alilolitoa kwanza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wa taa wanapumzika, na kazi za nusu ya mwalo zinabadilika. Jedwali halina mbalamwezi.

Kabila ndiyo safu inayonikera kuliko zote. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao ni ya mwaka 1967. Nchi nzima ilihesabiwa tena mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 bila swali hilo, lakini mwanafunzi mwenye mahojiano 20 kuhusu bei ya chumvi bado analo kwenye fomu yake. Ukimuuliza analihitaji kwa ajili gani, anakwambia lilikuwemo kwenye fomu aliyorithi.

Haya yote ni ya usahihi, na usahihi unaweza kurekebishwa. Kinachoninyima usingizi ni ule mstari wa Mshiriki wa 9, na hapo ndipo ninapoomba subira ya msomaji.

Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alitoa mwaka 2000 hesabu iliyowashtua wengi. Akitumia sensa ya nchi yake ya mwaka 1990 alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wanaweza kutambulika, mmoja mmoja, kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Mwaka 2006 mtafiti mwingine, Philippe Golle, alirudia hesabu hiyo kwa sensa ya mwaka 2000 akapata asilimia 63. Ukipenda, chukua hiyo ndogo. Bado ni zaidi ya nusu ya taifa zima. Na Sweeney hakuishia kwenye makadirio. Alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, kwa dola 20, akalilinganisha na kumbukumbu za hospitali zilizokuwa zimeondolewa majina, akamtoa humo gavana wa jimbo, William Weld.

Nimezigeuza namba hizo kichwani mara nyingi, nikijaribu kuzileta ufukweni kwetu. Chukua kijiji cha watu 3,000. Tuseme nusu ni watoto, wamebaki 1,500. Wanawake kati yao ni kama 750. Wagawe kwenye umri wa miaka 18 hadi 77, unapata wastani wa 12 au 13 kwa kila mwaka mmoja wa umri, na umri unapopanda wanazidi kupungua. Kati ya hao kumi na wawili wa miaka 47, wajane ni wangapi? Wawili, pengine watatu. Wanaoanika dagaa? Umebaki na mmoja. Safu nne na jina la kijiji vimetosha, na hatujagusa dini, elimu wala idadi ya watoto. Rasimu ile ilikuwa na safu kumi na moja.

Tofauti yetu na Cambridge ni kwamba kule mtafiti alihitaji kununua daftari. Kijijini daftari liko vichwani mwa watu. Mtendaji wa kijiji analo, mwenye duka analo, mkwe wa mhusika analo. Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba mkoa wa Kigoma una watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022, nani atahangaika kumtafuta mama mmoja? Ndugu yangu, anayemtafuta hatoki katika watu wote hao. Anatoka nyumba ya tatu. Ni yuleyule aliyetajwa kwenye nukuu, na ripoti ikifika ofisi ya kijiji kwa ajili ya "mrejesho kwa jamii", ataisoma akiwa na nia ya kujua.

Kwa watumishi hali ni mbaya zaidi. "Mganga mfawidhi, mwanaume, 34, zahanati ya kijiji." Zahanati ina mganga mfawidhi mmoja. Akisema dawa zilizoandikwa kwenye makaratasi hazikufika kwenye kabati, ameshatia sahihi.

Jibu la upande wa pili nalijua: jaza kila kitu ndani ya programu, ukichapisha uchuje. Ni jibu zuri kwa mtu anayefanya kazi peke yake kwenye kompyuta yenye nywila. Huku kwetu ni wachache wanaofanya hivyo. Mradi wa NVivo ni faili moja, na ndani yake mahojiano na jedwali la sifa vimelala pamoja. Unapomtumia msimamizi faili, umemtumia vyote. Unapolinakili kwenye flashi ya rafiki kwa sababu umeme umekatika na kompyuta yake ndiyo yenye chaji, umenakili vyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya, imani ya dini na asili ya mtu kuwa taarifa nyeti. Sijawahi kumsikia mwanafunzi akiulizwa, siku anapotetea kazi yake, flashi ile iko wapi.

Kwa hiyo niko upande wa wanaosita, ingawa kusita kwangu kuna mipaka. Tofauti ambayo swali la utafiti limeijenga ndani yake, iandike. Anayechunguza uraia Ulyankulu aandike uraia, kwa ridhaa iliyoelezwa hadi ikaeleweka, na jina la kitongoji aliache nje. Umri uandikwe kwa mafungu mapana. Safu nyingine isubiri mpaka mahojiano yenyewe yaiombe. Hapo ndipo wenzangu wanapopinga zaidi: wanasema ukisubiri utakuwa umeshaondoka kijijini na hutaweza kurudi kuuliza. Ni kweli kwa baadhi ya mambo. Gharama hiyo ninaikubali, maana siku ripoti inapofika kwa mtu wa nyumba ya tatu, gharama haiwi yangu tena. Inakuwa ya Mshiriki wa 9.

Yule kijana hakukasirika nilipomwonyesha. Alikaa kimya kidogo, halafu akanifungulia nakala za mahojiano tukazisoma upya, safari hii jedwali likiwa limefungwa. Tulipofika kwa kina mama wanaoanika, jambo moja lilianza kujirudia bila kuulizwa. Mwenye chanja chake mwenyewe cha kuanikia dagaa alizungumza juu ya kufungwa kwa ziwa kama msimu mgumu utakaopita. Aliyekodi chanja alizungumza juu ya deni. Anayeanika mchangani, ambaye mvua moja humharibia mzigo wote, alizungumza juu ya kuhama. Mjane mwenye chanja na mke wa mtu mwenye chanja walikuwa wanasema lugha moja. Katika safu zote kumi na moja hapakuwa na hata moja iliyouliza mtu anaanikia wapi.

Aliiongeza safu hiyo jioni ileile, yenye majibu matatu: chake, cha kukodi, mchangani. Kisha akafuta ya ndoa, ya dini, ya kabila na ya idadi ya watoto, akabadili miaka 47 kuwa "40 na kuendelea", na jina la kijiji akaliandika "mwalo wa kusini". Nukuu ya Mshiriki wa 9 aliiondoa kabisa mpaka arudi kumuuliza mama mwenyewe.