Bibi Mmoja, Mabango Mawili

Mama mkubwa wangu hutengeneza achari ya maembe huko Ngamiani, Tanga, na mwaka juzi alinituma nimtafutie picha ya kuweka kwenye lebo na kwenye bango la duka, kwa sharti moja tu: awe bibi mwenye tabasamu la kuaminika. Katika tovuti moja ya kuuza picha nilimpata bibi aliyejitanda kanga, anacheka hadi macho yamefumba. Iliandikwa kwamba picha haina mrabaha. Nikalipa mara moja, nikamweleza Mama kwamba bibi sasa ni wetu. Leseni iliruhusu nakala 500,000, idadi inayozidi wakazi wote wa jiji letu, kwa hiyo kwa upande wa lebo nililala usingizi mnono.

Juma la tatu, muuza dawa za asili aliyepanga chumba ng'ambo ya barabara alitundika bango lake. Juu yake alikuwa bibi yule yule, kanga ile ile, pengo lile lile, akitangaza dawa ya kuharisha. Mwendesha baiskeli mmoja alisimama, akatazama bango letu, akageuka akatazama la pili, kisha akawatangazia wenzake: "Amekula pale, akakimbilia hapa."

Mama mkubwa alivuka barabara na mwiko mkononi, nami nyuma yake na risiti.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema muuza dawa.

"Marahaba. Bibi yangu anatafuta nini kwako?"

Yule bwana akatoa simu na kuonyesha risiti yake: tovuti ile ile, bei ile ile. Hapo ndipo nilipoyasoma masharti ambayo, kama watu wengi, nilikuwa nimeyakubali bila kuyafungua. Kukosa mrabaha kulimaanisha tu kwamba mnunuzi halipi tena kila anapoitumia picha. Hakukumzuia mwenye picha kumuuzia yeyote mwingine, hata jirani.

Nilipata tumaini nilipokuta kifungu kinachokataza kumhusisha mtu wa pichani na maradhi bila kueleza wazi kwamba ni mwanamitindo. Nikamsomea kwa sauti ya wakili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanisomea kingine: picha isiingizwe kwenye nembo wala alama ya biashara. Bibi wetu alikuwa katikati ya nembo yetu, na fomu za kuisajili nilikuwa nimekwisha kuzijaza. Vile vikombe 24 vyenye sura yake, tulivyokuwa tukiviuza pembeni, navyo vilihitaji leseni pana zaidi, ambayo faida ya msimu mzima wa maembe isingeilipia.

"Kwani mimi nilinunua nini?" aliuliza Mama.

"Ruhusa, Mama."

"Ruhusa bila bibi?"

Mabango yote mawili yalishushwa jioni hiyo. Muuza dawa alichora mpera kwa mkono wake, na haukuwa mbaya. Mimi nilimwomba Mama mkubwa apigwe picha yeye mwenyewe, naye alikubali baada ya kunilazimisha kuandika karatasi ya ridhaa yenye masharti yake: asitiwe kwenye vikombe, asitundikwe karibu na dawa yoyote ya tumbo, na asiombwe kucheka. Lebo mpya zina mwanamke aliyenuna na mwiko wake, na wateja wanaapa kwamba achari imezidi ukali.