TB na watu wa barabarani Kampala: dawa bure sawa, ataziweka wapi?

Juzi nimebishana na jamaa yangu hapa Kisenyi, yeye anasema mtu anayelala nje akikutwa na TB achukuliwe afungiwe mahali mpaka amalize dawa, la sivyo atatuambukiza sote. Nikamwambia ngoja kwanza, tuanzie kwenye dawa zenyewe.

Dawa za TB kwenye hospitali za serikali ni bure, hapo hatubishani. Ni miezi 6, ile 2 ya mwanzo unameza vidonge vyenye dawa 4 ndani, halafu 4 inayobaki dawa 2. Sasa huyu anayelala kwenye veranda ya duka unampa pakiti za wiki 2, anaziweka wapi? Kwenye kavera, mfuko wa plastiki, chini ya kichwa. Mvua ikinyesha zimelowa, mwenzake akidhani ni kitu cha kuuza zimeenda, na askari wakija usiku na panda gari yao, ule msako wa kuzoa watu mtaani (vifungu vya uzururaji Mahakama ya Katiba ilishavifuta 2022 lakini nani kawaambia) kavera linabaki palepale chini. Halafu kliniki wanaandika ameacha dawa. Kaacha wapi jamani, kaachishwa!

Na ile fomu ya kliniki nayo. Kijiji gani, LC1 wako (mwenyekiti wa kijiji) nani, namba ya ndugu. Mtu anataja kijiji chochote ili yaishe, musawo, yaani mhudumu wa afya, akimtafuta hampati.

Lakini jamaa yangu siyo mjinga. TB inapita kwenye hewa, na anayemeza leo kesho anaruka anaweza kuishia na TB sugu, ile ambayo dawa za kawaida haziiwezi, na hiyo haitabaki kwake peke yake. Shida ni kwamba kufungia kulishajaribiwa hapo Kenya, 2010 kuna watu Kapsabet walitupwa jela kwa kuacha dawa, na 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, ni kinyume cha katiba. Yaani unamchukua mtu wa TB unamweka kwenye selo iliyojaa watu! Na akimeza vizuri, kama TB yake siyo sugu, baada ya wiki 2 hivi uwezo wa kuambukiza unashuka sana, hiyo miezi mingine unamfungia nini? Wakisikia kukohoa ni kufungwa hakuna atakayekuja kupima.

Basi wapewe chakula na kitanda? Mimi nasema ndiyo, angalau ile miezi 2 ya mwanzo, kwa hiari, maana dawa zikianza kufanya kazi njaa inarudi kwa nguvu na vidonge tumbo tupu vinachefua. Hapo jamaa akanibana: jirani yake ana TB, analipa kodi ya chumba kwa shida, hapewi hata kilo moja ya posho (unga wa mahindi), ataona wenzake wanalishwa? Sikuwa na jibu zuri. Na hosteli zina masharti yake, usilewe, saa fulani uwe ndani, wengine wanaondoka siku ya tatu.

Nilichokiona kikifanya kazi ni kidogo kuliko hivyo. Kuna kijana mmoja karibu na steji, dawa zake zilikaa kwa mama wa chapati, ndani ya kopo kwenye kabati la unga. Kila asubuhi anakuja, anapewa vidonge na kikombe cha chai, anameza mbele ya mama halafu anatoa ulimi kuonyesha, wanacheka. Siku mkojo ulipotoka mwekundu alikuja mbio anasema anakufa, mama akamwambia ni dawa hiyo, musawo alishanieleza, kaa ule.

Halafu mama akapata msiba Masaka, siku 4, kabati limefungwa na ufunguo kaondoka nao. Jamaa yangu kusikia hivyo akapiga makofi, unaona! Naona. Siku hizi ufunguo wa pili anao kijana wa boda.