Ujasiri wa kuazima

Jumamosi moja jioni, kwenye benchi pale Nyerere Square, binti mmoja alinipa daftari lake nisome. Ni karani katika ofisi moja kule Mtumba. Mchana anapanga mafaili, usiku anatunga mashairi. Shairi lilimhusu bibi yake anayepokea wageni mlangoni, na neno la kwanza kumtoka bibi lilikuwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo ambayo hata mgeni wa wiki moja Dodoma ameshaisikia. Lakini neno lilikuwa limekatwa, mistari miwili ya wino wa bluu, na juu yake pameandikwa "hamjambo". Nikamuuliza kwa nini. "Mwalimu, nataka niandike kama Kezilahabi. Haya ya kijijini yatanishusha."

Jibu lile limenikaa kichwani, kwa sababu Euphrase Kezilahabi mwenyewe, katika riwaya ya Rosa Mistika iliyotoka mwaka 1971, aliiweka familia ya Rosa Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa. Binti alimpenda mwandishi kwa dhati, na mapenzi yale yale yakamfanya akate kitu ambacho mwandishi huyo asingekikata.

Ndiyo maana nasitasita kila ninaposikia vijana wakiambiwa wachukue ujasiri kwa wasanii wanaowahusudu. Si kwamba ushauri wenyewe ni mbaya. Mtu hathubutu katika ombwe. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917, alikulia katika enzi ambayo ushairi wa Kiswahili ulihesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani: Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja. Alijifunza vina na mizani yao mpaka ikawa yake, akatoa diwani, akaandika pia historia na mila za Wagogo. Hakuwa peke yake. Amri Abedi, mtu wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa bara akimwona mwenzake wa bara ameshika kalamu, ule woga wa kuambiwa "hii si lugha yenu" unapungua nusu. Hilo siwezi kulipinga, maana mimi mwenyewe nimelelewa na mifano hiyo.

Lakini tazama kilichoipata ngonjera. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe Azimio la Arusha kwa wananchi, na Mnyampala ndiye aliyeipa ngonjera nguvu: shairi la watu wawili au zaidi wanaobishana mbele ya hadhira, mmoja hajui na mwingine anamwelewesha. Lilikuwa jambo jipya, shairi limetoka kwenye karatasi na kusimama jukwaani. Leo nenda shule yoyote siku ya mahafali. Watoto wamejipanga mistari miwili, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja, "mgeni rasmi karibu", makofi, wanakaa. Hakuna anayebishana na yeyote. Umbo limebaki, uthubutu umeondoka, na hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu aliiga alichokiona.

Mashairi huru yamepita njia hiyo hiyo. Kezilahabi alipoacha vina miaka ya 1970 ulizuka ugomvi mkubwa; wapo walioapa kwamba yale si mashairi kabisa. Yeye aliacha kitu anachokijua, na akalipa. Rosa Mistika nayo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kijana wa leo anayekata mstari popote anapotaka halipi chochote, kwa sababu mlango ulishavunjwa zamani.

Kuna upande mwingine ambao mashabiki wa ujasiri hawapendi kuugusa, nao ni mshahara. Dodoma ni mji wa watumishi, zaidi sana tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Wengi wanaoandika hapa wana mkopo benki na bosi anayesoma mitandao. Ukiwaambia "acheni woga" unawaambia nini hasa? Hapo ndipo ninapowatazama tena wakubwa wetu. Mnyampala alikuwa liwali, kisha hakimu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akafanya kazi hata Mpwapwa hapa jirani miaka ya 1940, na alipotaka kusema juu ya watawala wasiosikia alibuni nchi isiyokuwepo. Kezilahabi alikuwa mhadhiri. Mwanamuziki Hukwe Zawose alizitoa Ugogoni zeze na ilimba, ala za muziki za Wagogo, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wote wanne walikuwa na mahali pa kupokea mwisho wa mwezi.

Wengine husema basi hawakuwa majasiri, hasa Mnyampala aliyebeba ujumbe wa serikali. Naielewa hoja hiyo lakini siikubali. Kila mmoja alithubutu mahali pamoja na kushikilia kwingine. Mnyampala alishikilia vina, akathubutu kudai lugha. Zawose alishikilia Kigogo, hata alipokwenda kurekodi Uingereza, na mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, akakubali sauti yake ikae pamoja na gitaa na mitambo ya mwanamuziki Michael Brook wa Kanada. Anayechukua sauti ile iliyochanganywa na kuacha kile Kigogo amechukua nusu iliyo rahisi kuazima.

Hayo nilimweleza binti, kwa kirefu kuliko ilivyofaa. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na nikilirudisha kwa sababu wewe umesema, si nitakuwa nimekuiga wewe?"

Nilikosa jibu. Sikuandika chochote pembeni ya lile neno. Nilimrudishia daftari lilivyokuwa. Alisema Jumapili anakwenda Mvumi, atamsomea bibi kwanza.